Msimamizi wa wadi abebeshwa lawama bila kupewa mamlaka

KILA mama anapofariki katika wadi ya kujifungulia ya hospitali ya umma, swali la kwanza huulizwa na jamaa kwa sauti kuu: Nani alikuwa zamu? La pili huulizwa na wakubwa kwa barua: Msimamizi wa wadi ajieleze. La tatu, ambalo lingestahili kutangulia, huwa halina mwulizaji: Msimamizi huyo alikuwa na wauguzi wangapi usiku huo, na ni nani aliyeamua wawe idadi hiyo?

Swali hilo la tatu lina uzito wa pekee Madogo, mji ulio upande wa magharibi wa Mto Tana, mkabala na Garissa. Kiutawala, Madogo ni sehemu ya kaunti ya Tana River, katika eneo bunge la Bura. Makao makuu ya kaunti yako Hola, zaidi ya kilomita 100 kusini, na Garsen iko mbali zaidi ya hapo. Lakini hospitali kubwa iliyo karibu, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa, iko kilomita chache tu, ng'ambo ya daraja, katika kaunti nyingine yenye gavana mwingine na bajeti nyingine.

Kituo cha afya, kwa mpangilio wa ngazi za huduma nchini, hutarajiwa kuwa na wadi ya kujifungulia na vitanda vichache vya uangalizi. Upasuaji wa uzazi na uongezaji damu kwa kawaida ni kazi ya hospitali. Kwa hivyo uhai wa mama wa Madogo aliyepata matatizo huwa mikononi mwa wasimamizi wawili wa wadi: mmoja upande huu wa mto anayemtoa, na mwingine upande wa pili anayempokea. Wote wawili wana wajibu mkubwa. Mamlaka waliyo nayo ni haba.

Hoja ya makala haya ni kwamba upungufu huo wa mamlaka ni tatizo la uhai na kifo, wala si suala la vyeo na heshima za wauguzi. Serikali za kaunti zinaweza kujenga majengo, kununua mashine na kuzindua ambulensi kwa ngoma na vigelegele, lakini huduma ya mgonjwa aliyelazwa huamuliwa na mtu mmoja ambaye sera zetu karibu hazimtaji.

KAZI ISIYOONEKANA

Wauguzi wenyewe humwita inchaji. Wazee waliozoea hospitali za miaka ya mwanzo ya uhuru bado humwita sista, na yule anayesimamia wadi zote humwita matroni. Kwa lugha ya barua za serikali ni muuguzi msimamizi wa wadi.

Asubuhi kabla ya saa mbili hupokea ripoti ya zamu ya usiku, kitanda baada ya kitanda: nani ameingia, nani amejifungua, nani amepandwa na homa, nani ametangulia mbele ya haki. Huhesabu dawa kali zilizofungiwa kabatini na kuzilinganisha na daftari, maana kidonge kimoja kikipotea ni yeye atakayeitwa. Hukagua toroli ya dharura, mtungi wa oksijeni na friji ya dawa. Kisha hutazama wauguzi waliofika na wagonjwa waliolala, na kuamua nani amhudumie nani.

Baada ya hapo huandamana na daktari akiwapitia wagonjwa, na daktari akiondoka ndiye hubaki kuhakikisha kwamba yaliyoandikwa yametendwa. Huagiza glavu, sindano, dripu na shuka. Hupanga ratiba ya zamu ya mwezi mzima na kusuluhisha ugomvi unaotokana nayo. Hufundisha wanafunzi wa KMTC waliotumwa kujifunza kazi. Huwakabili jamaa wenye hasira na huwafariji wenye msiba. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, wadi pia imebeba sehemu ya shughuli za kuthibitisha kama mgonjwa amesajiliwa na kuandaa stakabadhi za madai ya malipo.

Katika eneo la Madogo kuna kazi nyingine isiyoandikwa katika mkataba wowote. Hapa wanaishi Waorma, Wasomali, Wamunyoyaya, Wamalakote na Wapokomo, pamoja na Wakenya kutoka bara walioletwa na biashara au kazi ya serikali. Mgonjwa anaweza kufika asijue Kiswahili, akiandamana na mama mkwe na wazee wanaotaka washauriane kabla ya mke wao kupelekwa kwenye upasuaji. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeweka wazi kwamba idhini ya matibabu ni ya mgonjwa mwenyewe aliye na akili timamu. Lakini anayelazimika kuitekeleza sheria hiyo usiku wa manane, kwa upole na bila kuvunja ndoa ya watu, ni muuguzi. Msimamizi anayewajua watu wake hupanga zamu akihakikisha daima yupo mmoja anayezungumza lugha yao. Hiyo nayo ni tiba.

Kazi yote hiyo hufanywa na mtu ambaye kwa kawaida hana uwezo wa kuajiri, hana fungu la fedha, hawezi kumzuia muuguzi wake asihamishwe, na mara nyingi bado ana wagonjwa wake mwenyewe wa kuhudumia kwa sababu wauguzi hawatoshi.

HESABU YA ZAMU

Wanasiasa wetu hupenda kutangaza idadi ya wauguzi walioajiriwa. Msimamizi wa wadi ana hesabu yake, na hesabu hiyo haifanani na ya jukwaani.

Mwaka una saa 8,760, na wadi haifungwi hata saa moja. Muuguzi anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, akiondolewa wiki 6 za likizo ya mwaka na wiki 2 hivi za sikukuu, ugonjwa na mafunzo, hubaki na wiki 44. Hizo ni saa 1,760. Ukigawanya 8,760 kwa 1,760 unapata karibu 5. Maana yake ni kwamba ili pawe na muuguzi mmoja wadini mchana na usiku, mwaka mzima, ni lazima waajiriwe wauguzi watano.

Kwa hivyo kiongozi anaposema amepeleka wauguzi watano katika kituo fulani, amepeleka muuguzi mmoja. Akipeleka kumi, amepeleka wawili. Na ikiwa kati ya hao watano mmoja yuko katika likizo ya uzazi ya miezi mitatu, mwingine ameitwa semina Mombasa na wa tatu ameondoka na ambulensi kumsindikiza mgonjwa, msimamizi hupanga zamu kwa wawili waliobaki na kwa dua.

Suala la kusindikiza mgonjwa lina maumivu yake. Kituo chenye muuguzi mmoja usiku kinapopata mama anayehitaji rufaa, muuguzi huyo hukabiliwa na uamuzi mgumu. Akienda naye, anawaacha waliolazwa bila mtu. Akibaki, mgonjwa mahututi anasafiri na dereva na shangazi yake. Uamuzi wowote atakaouchukua unaweza kuandikwa siku ya pili kuwa ni uzembe.

Ushahidi kwamba idadi hii ina uzito haukosekani. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya, ukihusu zaidi ya wagonjwa 420,000 waliofanyiwa upasuaji. Watafiti walikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anapoongezwa kwenye mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 huenda pamoja na ongezeko la asilimia 7. Hizo ni hospitali za Ulaya, ambako mzigo wa muuguzi ni mwepesi kuliko wa kwetu.

Hapa nchini, watafiti waliokaa ndani ya wadi za watoto wachanga jijini Nairobi na kuandika kila tendo la uuguzi walionyesha jambo lile lile kwa sura nyingine: kadiri muuguzi anavyokuwa na watoto wengi ndivyo kazi nyingi zinavyoachwa bila kufanywa, na mama mzazi, ambaye naye angali mgonjwa, ndiye hulazimika kuzifanya. Muuguzi huchagua lipi aache. Kwa kawaida huanza kwa kuacha yale yasiyoacha alama kwenye daftari: kumgeuza mgonjwa, kuzungumza naye, kumtazama mara nyingine kabla ya kupita.

DAMU NA FRIJI

Kuna wanaodhani kwamba usimamizi wa wadi ni kazi ya makaratasi na kwamba kuokoa maisha ni kazi ya madaktari. Wapo wenye rai hiyo hata katika idara za afya. Mfano mmoja unatosha kuwaonyesha kwamba wamekosea.

Ripoti ya kwanza ya kitaifa ya uchunguzi wa siri wa vifo vya wazazi, iliyochapishwa mwaka 2017, ilipitia vifo 484 vilivyotokea katika vituo vya afya mwaka 2014. Kuvuja damu ndiko kulikoongoza miongoni mwa visababishi. Katika visa zaidi ya 9 kati ya 10, wachunguzi walibaini kwamba huduma ilikuwa na kasoro na kwamba kutendwa kwa jambo tofauti kungeweza kubadilisha matokeo. Miaka hiyo hiyo, Garissa na Tana River zote mbili zilikuwa katika orodha ya kaunti 15 zilizotajwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, UNFPA, kuwa ndizo zilizobeba karibu mzigo wote wa vifo vya wazazi nchini.

Mnamo Mei 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuhusisha wanawake zaidi ya 200,000. Visa vya kuvuja damu nyingi kupita kiasi, vya kuhitaji upasuaji kwa sababu hiyo na vya vifo vilivyotokana nayo, vikijumlishwa, vilipungua kwa asilimia 60 katika hospitali zilizotumia utaratibu mpya.

Utaratibu wenyewe haukuwa na dawa mpya hata moja. Mama aliyejifungua aliwekewa shuka la plastiki lenye mfuko na alama za vipimo, damu ikapimwa badala ya kukadiriwa kwa jicho. Damu ilipofika kiwango kilichowekwa, wakunga walifanya mambo yote kwa pamoja bila kungoja moja lishindwe ndipo waanze jingine: kukanda tumbo la uzazi, kutoa dawa za kulikaza, kutoa asidi ya traneksamiki, kuweka dripu na kumchunguza mama kujua damu inatoka wapi. Vifaa vyote viliwekwa pamoja mahali pamoja, tayari.

Mambo haya ndiyo kazi ya kila siku ya msimamizi wa wadi. Ndiye huhakikisha toroli imejazwa tena baada ya kutumiwa. Ndiye huwafunza wanaoingia zamu na kukaa nao baada ya kila kisa kuuliza ni nini kilichelewa. Utafiti huo ulithibitisha kwa takwimu jambo ambalo masista wa zamani walilijua kwa mazoea, kwamba wadi iliyopangwa huokoa watu kwa dawa zile zile zilizoshindwa kuwaokoa katika wadi iliyovurugika.

Hata friji ina sehemu yake. Oksitosini, dawa kuu ya kuzuia damu baada ya uzazi, hupaswa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Madogo na Garissa ni miongoni mwa maeneo yenye joto kali nchini, na jua la Februari na Machi halina huruma. Umeme ukipotea saa kadhaa na hakuna aliyesoma kipimajoto, dawa huendelea kuonekana safi huku nguvu zake zimepungua. Mama hudungwa, damu haikomi, na kila mtu hushangaa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 dawa nyingine, kabetosini isiyoharibiwa na joto, ambayo inafaa sana kwa maeneo kama haya. Mpaka itakapopatikana kila mahali, kinga iliyopo ni muuguzi anayesoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika.

MTO NA MPAKA

Ugumu wa Madogo haukomei wadini. Mto Tana, ambao ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huleta neema ya maji na malisho, na mara kwa mara huja na kilio. Katika mvua za El Nino za mwisho wa 2023, na tena za masika ya 2024, maji yalifunika barabara kati ya Madogo na Garissa. Daraja lilisimama lakini njia ya kulifikia ilizama. Watu wakavuka kwa boti. Aprili 28, 2024, boti iliyojaa abiria ilizama hapo Kona Punda na watu kadhaa wakapoteza maisha. Mwezi uliofuata Wizara ya Afya ilitangaza visa vya kipindupindu katika kaunti ya Tana River.

Kwa msimamizi wa wadi, barabara kukatika kuna maana mahususi. Hospitali iliyokuwa umbali wa dakika chache huwa mbali kama Hola, na pengine Hola nayo haifikiki. Mgonjwa ambaye jana angevushwa, leo hubaki. Mwenye kuamua kama ahatarishe maisha yake majini au asubiri ni muuguzi, si mhandisi wala waziri.

Mpaka wa kaunti ni mto wa pili. Kabla ya 2013, Madogo ilikuwa katika Mkoa wa Pwani na Garissa ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki, lakini hospitali zote zilikuwa chini ya wizara moja Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 likazikabidhi kaunti huduma za afya. Ugatuzi umesogeza maamuzi karibu na wananchi, na hakuna mtu mwenye kukumbuka jinsi maeneo haya yalivyotelekezwa tangu uhuru anayeweza kutamani turudi kule. Hata hivyo, maradhi hayasomi ramani. Idadi ya watu waliohesabiwa ndani ya kaunti ni mojawapo ya vigezo vikuu vya mgao wa fedha kutoka serikali ya kitaifa. Katika sensa ya 2019 mkazi wa Madogo alihesabiwa miongoni mwa watu 315,943 wa Tana River. Akilazwa Garissa, anahudumiwa na wauguzi wanaolipwa na kaunti iliyohesabiwa watu 841,353 bila yeye.

Msimamizi wa wadi upande wa Garissa hawezi kumkataa, wala hapaswi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Lakini kitanda, glavu na muuguzi aliopangiwa havikumhesabu mgonjwa huyo. Na msimamizi wa upande wa Madogo hana mahali rasmi pa kuketi na mwenzake wa ng'ambo wakapanga pamoja nani apigiwe simu, damu iandaliwe saa ngapi, na mgonjwa akirudi nyumbani taarifa zake zimfuate vipi. Mipango kama hiyo ikiwapo kwa hisani ya watu wanaofahamiana, hufa siku mmoja wao anapohamishwa.

WANAOONDOKA

Hata ratiba nzuri haipangwi kwa watu wasiokuwapo. Baada ya magaidi kuwaua abiria 28 wa basi huko Mandera mnamo Novemba 22, 2014, vyama vya wafanyakazi viliwashauri wanachama wao waondoke kaskazini mashariki hadi usalama urejee. Wengi wakaondoka, na baadhi hawakurudi. Aprili 2, 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kikashambuliwa na watu 148 wakauawa. Majeruhi walipelekwa katika hospitali ya Garissa, na wadi zikawapokea.

Kisha kuna migogoro ya kazi. Mgomo wa wauguzi wa 2017 ulianza Juni 5 na kumalizika Novemba 2, takriban siku 150 za wadi za umma kufungwa au kuendeshwa na wachache. Julai 2021 Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wauguzi huko. Mwaka 2025 wafanyakazi wa afya walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020 chini ya mpango wa Afya kwa Wote walipiga kambi nje ya makao makuu ya wizara jijini Nairobi wakidai ajira ya kudumu.

Mara nyingi mjadala huu huishia kwenye mishahara, na ni kweli mishahara ni muhimu. Lakini muuguzi mzoefu haondoki kwa sababu ya mshahara pekee. Huondoka pia kwa kuchoka kulaumiwa kwa mambo asiyoyaamua. Leseni yake iko chini ya Baraza la Wauguzi na inaweza kufutwa kwa kosa la uzembe. Aliyeamua kwamba wadi yake iwe na muuguzi mmoja usiku hana leseni ya kufutiwa.

KAUNTI NAZO ZINA HOJA

Ni haki kuzisikiliza serikali za kaunti. Kanuni za fedha za mwaka 2015 zinazitaka zisitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yao kwa mishahara, na kaunti nyingi tayari zimevuka kiwango hicho au zinakikaribia. Tana River ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 35,000 na watu waliotawanyika. Kila zahanati ndogo inadai muuguzi wake. Wakurugenzi wa afya hawaketi ofisini wakipanga kuwatesa wauguzi.

Ni haki pia kukiri kwamba wapo wasimamizi wa wadi wasiofaa. Wapo wanaopanga zamu kwa upendeleo, wakiwapa marafiki mchana na wengine usiku mwezi baada ya mwezi. Wapo wanaoonekana asubuhi na kutoweka kabla ya adhuhuri. Wengi walipewa wadi kwa sababu ya miaka yao kazini, bila kufunzwa lolote kuhusu kuongoza watu au kusoma bajeti. Kuwapa mamlaka bila kuwafunza na kuwakagua kungekuwa kosa jingine.

Hata hivyo, hoja ya uhaba wa fedha haipingi mageuzi haya, inayadai. Aliye na vichache ndiye mwenye haja zaidi ya kuvipanga vizuri. Na yapo mambo ambayo yanaweza kufanywa bila kusubiri bajeti kubwa.

La kwanza ni kubadilisha hesabu. Kaunti zitangaze idadi ya wauguzi waliopo wadini kwa kila zamu, si idadi ya walioajiriwa. Idadi hiyo ibandikwe ukutani pamoja na idadi ya wagonjwa, jamaa wasome. Aidha, kila kamati ya ukaguzi wa vifo ianze kikao chake kwa swali hilo: usiku ule walikuwapo wangapi?

La pili ni fedha. Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya mwaka 2023 inaviruhusu vituo vya umma kubaki na mapato vinayokusanya na kuyatumia. Kiasi kidogo cha mapato hayo kiwekwe chini ya kila wadi, kwa matumizi yenye risiti. Mkono mtupu haulambwi. Msimamizi anayeweza kununua kipimajoto cha friji au balbu ya taa ya uchunguzi leo, bila kuandika barua na kungoja miezi, ataokoa watu wiki hii.

La tatu ni uhamisho. Muuguzi asitolewe katika wadi kabla ya mwenzake kufika na kukabidhiwa, na msimamizi awe na kauli iliyoandikwa kabla ya barua ya uhamisho kutiwa saini. Wala asihesabiwe kama muuguzi wa zamu katika saa anazopaswa kuwa msimamizi.

La nne linahusu mto. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaruhusu serikali za kaunti kuunda kamati za pamoja kutekeleza majukumu yao. Garissa na Tana River tayari huketi pamoja katika baraza la maendeleo la kaunti za mipakani, FCDC. Ziandike mkataba wa rufaa kati ya Madogo na Garissa: nambari moja ya simu inayojibiwa usiku na mchana, fomu moja, taarifa za mgonjwa kurudi na mgonjwa, na utaratibu wa kulipana. SHA ingepaswa kurahisisha hili, kwa kuwa kinadharia fedha humfuata mgonjwa popote alipo nchini. Lakini mfugaji asiye na mshahara anatakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na wengi hufika wadini hawajalipa. Kuwasajili na kuwalipia wasiojiweza kabla ya kuugua ni kazi ya serikali, si ya muuguzi aliye na glavu mkononi.

La tano ni mafuriko. Mvua za Novemba na Aprili si mgeni wa ghafla. Kabla ya kila msimu, wajawazito wa Madogo walio katika hatari watambuliwe na waandaliwe mahali pa kusubiria upande wa Garissa, na boti salama yenye maboya itengwe kwa wagonjwa. Orodha ya wajawazito hao tayari imo katika daftari la kliniki. Anayeijua ni muuguzi yule yule ambaye kwa kawaida haalikwi katika mikutano ya kukabiliana na majanga.

Mei 12, siku ya wauguzi duniani, viongozi watasimama tena kuwasifu wauguzi kwa moyo wao wa kujitolea. Sifa hizo zinastahili, lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Msimamizi wa wadi ya Madogo au ya Garissa anahitaji watu wa kutosha kwa kila zamu, fedha kidogo, kauli juu ya wauguzi wake na mwenzake wa kumpigia simu ng'ambo ya mto. Akishapewa hayo, ndipo itakuwa haki kumwandikia barua ajieleze.